Mzazi Si Mgeni Wodini

(Ifuatayo ni hotuba ya muuguzi mstaafu aliyehudumu kwa miaka mingi katika wodi za watoto. Aliitoa msikitini mbele ya wazazi, baada ya Swala ya Alasiri. Tunaichapa kwa faida ya wasomaji wetu wote, kwani ni nadra kuipata nyumba isiyowahi kuuguza mtoto.)



Nimeombwa nizungumze juu ya uangalizi wa mtoto mgonjwa awapo hospitalini. Ningeweza kuanza na sifa za kazi ya uuguzi, lakini naona ni haki nianze na kosa langu mwenyewe, maana kosa hilo limenifundisha zaidi ya yote niliyofundishwa darasani.

Mwaka 1996 nilikuwa katika zamu ya usiku kwenye wodi ya watoto ya hospitali moja ambayo sitaitaja. Kitanda cha tatu kutoka mlangoni alilazwa mtoto wa kiume wa miaka mitatu, mwenye malaria kali, akiwa katika dripu ya kwinini. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni, ubavuni mwa kitanda. Yapata saa nne za usiku alinijia, akasema kwa sauti ya chini: "Sista, mwanangu leo hashiki kanga yangu." Sikumwelewa. Akanieleza kwamba tangu mtoto huyo aache ziwa, hapati usingizi pasipo kushika pindo la kanga ya mama yake, na hata usiku uliotangulia, pamoja na ukali wa homa, alilala amelishika. Usiku ule alikuwa amemwekea pindo mkononi mara tatu, na mara tatu vidole vikaachia. Nilimgusa mtoto paji la uso, nikaona homa imeshuka. Nikamwambia: "Mama, mtoto amepumzika. Nawe kapumzike, utuache tufanye kazi." Akanyamaza, akarudi sakafuni.

Saa nane za usiku mtoto yule akashikwa na degedege. Daktari alipofika na kupima sukari katika damu aliikuta imeshuka mno, jambo ambalo malaria kali na dawa ya kwinini huweza kulileta, hasa kwa watoto wadogo. Alichomwa maji ya sukari mshipani, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu aliishi. Lakini hakutoka wodini kama alivyoingia. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukiburutika, na maneno machache aliyokuwa amekwisha kujua kuyasema yalipotea kwa muda mrefu. Siku waliyoruhusiwa, mama yake alinishika mikono miwili akanishukuru. Shukrani ile imenielemea kuliko lawama yoyote niliyowahi kupewa.

Ndugu zangu, mama yule alinipa dalili ya hatari saa nne kabla ya degedege. Hakuitaja kwa maneno ya vitabuni. Alisema tu kwamba mtoto hashiki kanga. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi niliyesoma niliyapita maneno yake kwa sababu hayakutoka kinywani mwa daktari. Tangu siku hiyo nimeamini jambo moja, nalo ndilo nililokuja kuwaeleza leo: mzazi si mgeni wodini. Yeye ni sehemu ya matibabu ya mtoto wake, na hospitali inayomweka kando inajinyima jicho ambalo haiwezi kulipata kwingine kokote.

WENZETU WALIVYOFUNGA MLANGO

Fikra hii haikukubaliwa kwa urahisi popote duniani. Tutazame Uingereza, nchi ambayo desturi zake za hospitali tulizirithi kwa sehemu kubwa. Mwaka 1852 ilifunguliwa hospitali ya watoto katika mtaa wa Great Ormond Street mjini London, ikiwa na vitanda 10. Hospitali za watoto zikaenea, na utaalamu ukaongezeka. Lakini kadiri utaalamu ulivyoongezeka, mzazi alizidi kusukumwa nje. Kufikia mwaka 1949, katika hospitali kadhaa kubwa za London wazazi waliruhusiwa kuwaona watoto wao saa moja au mbili tu kwa juma. Palikuwa na mahali ambapo mzazi wa mtoto mdogo aliruhusiwa kumtazama kupitia kioo tu, au kumchungulia akiwa amekwisha kulala.

Waliofanya hivyo hawakuwa watu wakatili. Waliogopa wageni wasilete maambukizo, na waliona kwamba mtoto hulia sana mzazi wake anapoondoka, kisha baada ya siku chache hunyamaza. Wakahukumu kwamba ujio wa mzazi ndio unaomsumbua mtoto, na kwamba akiachwa bila kutembelewa atatulia.

Walikuwepo wachache walioona vingine. Katika mji wa Newcastle, Dokta James Spence alianza tangu miaka ya 1920 kuwalaza akina mama pamoja na watoto wao wachanga, wawanyonyeshe na kuwauguza wao wenyewe. Lakini mfano wake haukufuatwa na wengi.

Ndipo akatokea mtu aitwaye James Robertson, ambaye hakuwa daktari bali mtumishi wa ustawi wa jamii. Kwa miaka kadhaa alikaa katika wodi akiwatazama watoto waliotenganishwa na mama zao, na aliona hali zao zikipita katika hatua tatu. Kwanza mtoto hulia na kumwita mama yake. Pili hukata tamaa, akawa mnyonge na mkimya. Tatu huonekana kama aliyezoea, hucheza na kila muuguzi, lakini mama yake anapokuja humgeuzia uso kama asiyemjua. Wauguzi waliiona hatua ya pili na ya tatu wakasema: mtoto ametulia. Robertson akasema: hapana, mtoto huyu amekata tamaa.

Mwaka 1952 Robertson alipiga filamu ya mtoto mmoja wa kike wa miaka miwili na miezi mitano, aliyelazwa siku nane kwa upasuaji mdogo. Alipoionyesha mbele ya mkutano wa madaktari mjini London, wengi walikasirika na kudai kwamba amewakashifu. Hata hivyo filamu ilikuwa imekwisha kuonekana, na haikuwezekana kuifanya kana kwamba haikuonekana. Mwaka 1959 kamati ya serikali iliyoongozwa na Sir Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila vizuizi vya saa, na mama alazwe pamoja na mtoto aliye mdogo. Bado hospitali nyingi zilisitasita. Mwaka 1961 akina mama wa mtaa wa Battersea, London, wakaunda chama chao na kuzidai hospitali zitekeleze mapendekezo hayo. Hivyo mlango ulifunguliwa kwa msukumo wa akina mama wenyewe.

Naomba mzingatie neno lile "ametulia". Ni neno lilelile nililolitumia mimi usiku ule niliposema mtoto "amepumzika". Utulivu wa mtoto unaweza kuwa nafuu, na unaweza kuwa hatari. Anayeweza kutofautisha ni yule anayeujua utulivu wa mtoto huyo katika siku zake za afya.

KWETU MLANGO U WAZI, JE, MASIKIO?

Hapa kwetu msiba ulikuwa wa namna nyingine. Katika hospitali zetu mama hakufukuzwa wodini. Uchache wa wauguzi ulimfanya awe wa lazima. Yeye ndiye anayemwogesha mtoto, anayemlisha, anayepeleka sampuli maabara, anayekimbilia duka la dawa, na usiku analala sakafuni au ubavuni mwa mtoto katika kitanda ambacho pengine wamekilalia watoto wawili. Basi kwa macho mtu angesema sisi tuliwatangulia wenzetu.

Lakini tujiulize kwa haki. Mara ngapi mama huyo huambiwa mtoto wake anaumwa nini? Mara ngapi huelezwa dawa anayochomwa mtoto ni ya kazi gani? Wakati madaktari wanapopita kitanda kwa kitanda, palikuwa na desturi ya kuwaamuru akina mama watoke nje. Anayejua mtoto amekunywa uji kiasi gani, ametapika mara ngapi na amelia kwa sauti ipi, huyo yuko nje ya mlango, huku walio ndani wakisoma karatasi. Tumeitumia mikono ya mama, lakini hatukuyatumia maarifa yake.

Tena mzazi anayekaripiwa hujifunza kuficha. Nimeona mara nyingi mtoto amefikishwa hospitali akiwa amekwisha kunyweshwa dawa ya miti shamba, au vidonge vilivyobaki nyumbani. Tukimuuliza mama kwa ukali, hujibu: "Sijampa kitu." Si mwongo kwa tabia, ameogopa fedheha mbele ya watu. Uongo ule mdogo unaweza kumpoteza daktari kabisa. Tukimkalisha na kumwambia, "Mama, lolote ulilompa, ulimpa kwa kumpenda, nasi twahitaji kulijua," ukweli hutoka. Kwa hiyo heshima kwa mzazi ni njia ya kupata habari sahihi za ugonjwa, mbali ya kuwa ni adabu njema.

USHAHIDI WA MIAKA HII

Pengine atatokea mtu aseme kwamba haya ni maneno ya huruma tu, na hospitali huendeshwa kwa sayansi. Basi tuitazame sayansi yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, hospitali moja ilielemewa na watoto njiti huku mashine za joto zikiwa haba. Dokta Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto hao kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Huo ndio mwanzo wa huduma tunayoiita Mama Kangaruu. Kwa miaka mingi ilifikiriwa kwamba mtoto njiti aliye dhaifu sana lazima kwanza akae mbali na mama mpaka hali yake itengemae. Jambo hilo lilichunguzwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, nazo ni Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Waliangaliwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na chini ya kilo 1.8. Kundi moja lilianzishiwa kukaa kifuani mara baada ya kuzaliwa, na mama akawekewa kitanda ndani ya chumba cha uangalizi maalumu. Kundi la pili lilisubiri kwanza hali itengemae. Katika siku 28 za mwanzo, waliofariki katika kundi la pili walikuwa karibu 16 katika kila 100. Katika kundi la kwanza walikuwa 12. Uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu haikuonekana haki kuendelea kuwanyima watoto wengine faida hiyo. Mwaka 2022 Shirika likaelekeza kwamba huduma hii ianze mapema iwezekanavyo. Zingatieni, ndugu zangu: tofauti ile ilipatikana kwa kumwondolea mama mlango uliomtenga na mtoto wake.

Ushahidi wa pili ni wa maneno. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanywa katika wodi za watoto za hospitali 7 za Amerika ya Kaskazini. Madaktari, wauguzi na wazazi walikaa pamoja wakapanga namna mpya ya kupita kitanda kwa kitanda. Mzazi aliulizwa kwanza ana wasiwasi gani. Daktari alieleza kwa lugha nyepesi. Mwishoni ilihakikishwa kwamba kila mmoja ameelewa, na familia ikapewa muhtasari ulioandikwa. Makosa ya kitabibu kwa jumla hayakupungua, lakini makosa yaliyowadhuru watoto yalipungua kwa asilimia 38. Hakukununuliwa dawa mpya wala mashine mpya.

Ushahidi wa tatu ni wa huzuni. Mwaka 2021 binti wa miaka 13 huko Uingereza, Martha Mills, aliumia kongosho baada ya kuanguka na baiskeli, akapata maambukizo katika damu, akafariki hospitalini. Wazazi wake walikuwa wameeleza wasiwasi wao, wakatulizwa. Mwaka 2022 uchunguzi wa kisheria ulionyesha kwamba yaelekea angepona kama angehamishiwa mapema katika chumba cha wagonjwa mahututi. Wazazi hao hawakukaa kimya. Kwa jitihada zao, kuanzia mwaka 2024 hospitali za Uingereza zilianza kuweka utaratibu uitwao Kanuni ya Martha, ambao unampa mgonjwa au familia haki ya kuita timu nyingine ya wataalamu imtazame mgonjwa upya, endapo wanaona hali inazidi kuharibika na hawasikilizwi. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka pindo la kanga. Nchi yenye mashine nyingi kuliko zetu ilikuwa na tatizo lilelile lililokuwa langu.

MTOTO NAYE ASIKIWE

Nimesema juu ya mzazi, lakini mwenye mwili unaouma ni mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua haki ya mtoto kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, kwa kadiri ya umri wake. Sindano inamhusu.

Sisi wazazi tuna desturi mbili zinazoharibu. Ya kwanza ni kumtishia mtoto nyumbani: "Ukilia, nitamwita daktari akuchome sindano." Kisha siku anapougua twamleta kwa yuleyule tuliyemfanya kuwa adhabu, na tunashangaa akipiga mayowe. Ya pili ni kumdanganya: "Haiumi." Inapouma, mtoto hujifunza kwamba mama yake na muuguzi wote ni waongo, na mara ya pili watu watatu hawatoshi kumshika. Mwambieni kweli kwa maneno yake: "Itauma kidogo kama kuumwa na siafu, kisha itakwisha. Mimi nipo, nimekushika." Mpeni achague kinachoweza kuchaguliwa, akae pajani au alale, mkono huu au ule. Wala msiondoke kwa kumtoroka akiwa amelala. Mwageni, mwambieni mtarudi lini, kisha mrudi kama mlivyosema.

YATUPASAYO

Kwa wauguzi na madaktari walio katika safu zetu, nawasihi wanangu: kila zamu mwulizeni mzazi swali moja, "Leo unamwonaje kuliko jana?" Swali hilo halichukui hata dakika moja. Najua mmechoka, nami nilichoka. Lakini mtoto yule hakuharibikiwa kwa sababu nilikosa muda. Nilikuwa nao muda wa kumwambia mama yake akapumzike.

Kwa wazazi, haki hii ina wajibu wake. Semeni yote mliyompa mtoto, hata kama mnaona haya. Ulizeni mambo matatu: mtoto ana ugonjwa gani, dawa hii ni ya nini, na dalili ipi nikiiona niwaite haraka. Kisha rudieni mlivyoelewa mbele ya muuguzi, akusahihisheni. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akipumua kwa shida huku mbavu zikibonyea ndani, msingoje raundi ya asubuhi. Iteni, na mkipuuzwa iteni tena kwa adabu bila kuchoka. Lakini msiguse dripu, wala msimpe mtoto kitu kwa siri. Mzazi aweza kukosea kama muuguzi anavyoweza kukosea, na ndiyo sababu tunahitajiana.

Kwa akina baba nasema wazi: msiwe watu wa saa ya kutazama wagonjwa tu. Kifua cha baba nacho kina joto, na mtoto njiti hukaa juu yake vizuri wakati mama anapopata usingizi. Ikiwa taratibu za wodi haziwaruhusu kulala humo, basi shikeni nyumba, waangalieni watoto waliobaki, wala msimwachie mama peke yake hesabu ya nauli na dawa.

Na sisi waumini wa msikiti huu, tunapomtembelea mgonjwa tusiende kumi kwa pamoja, tusiende na kikohozi, wala tusimwambie mama, "Ungemwahi mapema." Mama huyo amekwisha kujiambia neno hilo mara mia. Tumpelekee chakula, tumfulie kanga zake, mmoja wetu akae na mtoto kwa saa mbili ili yeye aoge na kulala. Tukifanya hivyo familia haitakuwa baba na mama pekee, bali sisi sote.

Ndugu zangu, tunasimuliwa katika Hadithi kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. alipokuwa akiswalisha na akasikia mtoto mchanga analia, aliifupisha swala, kwa kuujua uchungu wa mama aliyekuwa katika safu. Kilio kilikuwa cha mtoto, naye akamfikiria mama. Hakuwatenganisha. Ikiwa swala ilifupishwa kwa ajili yao, raundi ya wodini yaweza kusimama kidogo ili mama aseme neno lake.

Yule mtoto wa mwaka 1996 sasa ni mtu mzima. Habari zake za mwisho zilizonifikia ni kwamba anafanya kazi ya ushonaji, na mguu wake bado una kasoro kidogo. Sijui kama mama yake anakumbuka aliyoniambia saa nne zile za usiku. Mimi sijasahau. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, awaponye watoto wetu walio wagonjwa, awape subira wazazi wao, na awape wanaowahudumia masikio ya kusikia hata neno dogo la mama aketiye sakafuni. Amin.